Majina ya Mialo

Adolphine alianza kwa kujiibia mwenyewe.

Programu aliyoiandika kwa mkono wake aliihamishia katika kompyuta nyingine, kana kwamba ameikuta katika simu ya mtu aliyeporwa njiani, kisha akaanza kuifumua. Zana za kazi hiyo zipo, tena ni za bure. Unazipa programu iliyokwisha kufungwa, nazo zinairudisha nyuma uzi kwa uzi, hadi karibu kila alichoandika mwandishi kinalala wazi mbele yako. Mkeka uliofumuliwa huacha miyaa iliyopinda, na msusi mwingine akiitazama ile mipindo atajua ulisukwaje.

Yeye hakuhitaji hata kutazama mipindo. Majina ya mialo, mahali boti inapopakia watu ufukweni, yalikuwa pale kama alivyoyaandika. Kanuni ya kuchagua mwalo wa leo na wa kesho ilikuwa pale. Saa za kuondoka zilikuwa pale. Alisoma hadi mwisho, akafunga kompyuta, akasikiliza soko la mji wa Baraka likipiga kelele nje ya kibanda chake. Alikuwa ametazamia kwamba ataogopa. Hakuogopa. Alihisi kama mtu aliyeambiwa habari aliyoijua tangu jana.

Huo ulikuwa mwaka 2018. Watu wa Fizi, wilaya ulimo mji huo, walikuwa na vita vya kwanza na vita vya pili. Vilivyofuata hawakuvipa tena namba. Adolphine alikuwa mtoto wa vita vya kwanza. Alivuka ziwa mgongoni mwa dada yake, Florentine, ambaye naye alikuwa msichana tu, wakafika Kigoma wawili pale walipotazamiwa kufika wanne. Alikulia kambini, akasoma kambini, akarudi mwanamke. Florentine akauza samaki wadogo wa ndagala Baraka na Kazimia hadi mdogo wake akapelekwa Bukavu kusoma mambo ya kompyuta. Alipomaliza, wenzake walitafuta kazi Goma, Kampala, popote penye umeme usiokatika. Yeye alirudi Baraka. Watu walimuuliza kwa nini. Aliwauliza simu zao zina tatizo gani.

Kibanda chake kilikuwa na paneli za jua juu ya bati na meza iliyojaa matumbo ya simu. Alibadilisha vioo, alichaji betri, alitia nyimbo za kanisa katika simu za akina mama na nyimbo nyingine katika simu za waume zao. Mwalimu mmoja wa fizikia, Isidore, mtu wa Fizi mjini, alikuwa akipita kwake Jumamosi kujifunza kuandika programu. Shule yake ilikuwa haijamlipa kitu kwa muda mrefu, na labda alipenda zaidi kukaa mahali penye feni kuliko kujifunza. Lakini alijifunza. Siku moja walifumua pamoja mchezo wa simu, mchezo wa mpira, wakakuta aliyeutunga amemtukana mkubwa wake katikati ya msimbo, akidhani hakuna atakayeona. Isidore alicheka hadi akatokwa na machozi. Baadaye hakuonekana tena. Watu walisema amepanda, yaani ameingia mlimani pamoja na wenye bunduki. Wengine walisema alipandishwa. Adolphine hakujua lipi ni kweli, na baada ya muda aliacha kumwaza.

Jambo la programu lilianza na boti ya Useni.

Useni alikuwa mwenye boti na nahodha wake mwenyewe, mtu wa familia za Kiislamu za pwani, mpole, mwenye kuchelewa kuongea. Boti yake ilichukua akina mama wa samaki kati ya Baraka na Kazimia. Wenye bunduki walipozoea kuisubiri boti penye mwalo, wakachukua samaki, mafuta, na safari moja hata mtu, Useni akaanza kubadilisha mialo. Leo hapa, kesho kule. Akina mama aliwaambia kwa simu. Lakini neno likisemwa kwa mwanamke mmoja sokoni limesemwa kwa soko zima, na wale waliotoka Kilembwe na Lulimba, ambako mtandao haukufika, hawakuambiwa kabisa. Walishuka siku moja na magunia yao ya karanga hadi mwalo wa zamani, wakaiona boti ikipita mbali. Waliowakuta pale walikuwa wenye bunduki.

Juma hilo Florentine aliingia kibandani, akakaa juu ya kreti ya bia.

"We mutoto," alisema. Kwake Adolphine hakukua kamwe. "Ile masomo nilikulipiaka Bukavu, ni ya kutia miziki mu simu tu?"

"Yaya, unataka nini?" Ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa.

"Nataka simu iniambie mwalo. Bila réseau, bila mtandao. Bila kuniuliza maswali mingi. Na kama si mimi naishika, inyamaze."

"Simu haijue kunyamaza."

"Basi uifundishe. We si ndiye mwalimu?"

Adolphine aliandika. Ukiifungua programu, iliorodhesha bei za samaki tu: ndagala, mukeke, sangala. Ukibonyeza namba yako ya siri, ilionyesha mwalo wa leo na saa ya boti, basi. Simu ilichukua tarehe, ikaikoroga kwa kanuni, ikatoa jina la mwalo. Simu ya Florentine Baraka na simu ya mwanamke wa Kilembwe, zisizoweza kuitana, zilitoa jina lilelile asubuhi ileile. Ukijaribu kuidanganya kwa kusogeza tarehe, ilirudi kwenye bei za samaki. Useni alipoonyeshwa aliishika simu kwa mikono miwili.

"Na hii kitu inajua ile mi sijajua bado," alisema.

"Inajua, Papa Useni."

"Hata kesho kutwa?"

"Hata mwaka kesho."

Useni alimrudishia simu polepole. Kwa mtu wa dini yake, alisema, ni Mungu peke yake anayejua kesho kutwa, ila kwa mwalo atafunga jicho.

Hapo ndipo uzuri na ugonjwa wa kitu kile vilipokaa pamoja. Kwa kuwa mtandao haukuwapo, kanuni ilibidi iishi ndani ya kila simu. Na ikiishi ndani ya kila simu, inaishi pia ndani ya ile itakayopotea.

Waandishi wa programu wana dawa ya jambo hili, nayo si kufuli. Ni kuvuruga. Kabla ya kuifunga programu, unaipitisha katika zana inayokoroga msimbo wako, ili atakayeifumua akute vurugu. Haimzuii. Inamchosha. Mtu mwenye subira na wakati atafika mwisho siku moja, na unachonunua ni ile siku isiwe leo. Adolphine alilijua hilo tangu Bukavu, na halikumsumbua. Hakuwa amewahi kujua ulinzi wa aina nyingine. Watu wote aliowajua walikuwa hai kwa sababu kitu fulani kilichelewa.

Alimpigia Lionel, waliyesoma pamoja, aliyekuwa na kazi ya ofisi Bukavu.

"Lionel, ya kuvuruga nitumie gani?"

"Inategemea unaogopa nani."

"Wezi."

"Wezi ba wapi? Muzungu mwenye kompyuta kumi, ao mutu mwenye simu moja na njaa?"

"Mwenye bunduki."

"Bunduki haifumue programu, Adolphine. Ju ya nini uko na haraka? Kwanza umuone huyo mwizi. Umuone sura. Ukishamuona, chombo kitajichagua."

Alijaribu kumwona. Useni alikuwa amemwambia kwamba waliompora safari ya mwisho walisema Kiswahili cha mbali, kisicho cha pwani hii. Basi aliwaza mgeni. Mwanaume wa mahali pengine, mwenye kompyuta iliyoporwa, anayelipwa na mkubwa fulani. Hakuwa na uso wazi. Lakini alikuwa mgeni, na Adolphine aliridhika naye.

Zana zilizokuwa mbele yake zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya bure, inayokuja pamoja na vifaa vya kutengenezea programu za simu. Hii hubadilisha majina ambayo mwandishi ameyapa sehemu za msimbo wake. Ulipoandika "chagua mwalo", inabakiza herufi moja tu, a au b, na mfumuaji anakuta nyumba ambayo vyumba vyote vina milango inayofanana, isiyo na alama. Programu inakuwa nyepesi hata kuliko mwanzo. Lakini maneno ambayo programu inayaonyesha kwenye kioo haiyagusi. Jina la mwalo linabaki jina la mwalo.

Ya pili ilikuwa ya kampuni ya ng'ambo. Hiyo huficha hata maneno, na mwendo wa msimbo huupinda, ukawa njia inayozunguka mlima ili kufika nyumba ya jirani. Waliomruhusu kuijaribu kwa muda walitaka kadi ya benki ili aendelee, na kila mara alipofunga programu upya, zana ilitaka kuongea na kwao kwa mtandao. Mtandao wa Baraka ulikuwa ukilala siku nzima.

Ya tatu aliitumiwa na Lionel. Ilikuwa ileile ya pili, lakini nakala iliyoibwa na kuvunjwa na watu wasiojulikana. "Inafanya kazi," Lionel alisema. Adolphine aliitazama kwenye kioo bila kuigusa. Mtu aliyevunja zana ya kuficha, anaweza kuwa ameacha nini ndani yake? Kila programu itakayopita humo itatoka na kitu asichokiweka yeye. Aliifuta.

Zikabaki mbili. Wakati muda wa majaribio haujaisha, aliivuruga programu kwa zana ya kampuni, akaitia katika simu ya Florentine. Simu hiyo ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka kona, imefungwa kwa mpira. Florentine alibonyeza. Wakangoja. Florentine alisalimiana na mwanamke aliyekuwa akipita, akauliza habari za mgonjwa wake, akaitazama simu.

"Simu yangu inapika maharage?"

"Ngoja, yaya."

"Mi nangoja. Ila boti haingoje. Mi nitafika ku mwalo, wenye bunduki batafika, na sisi wote tutangoja maharage iive."

Wanawake wawili waliokuwa mlangoni walicheka. Adolphine pia alicheka kidogo. Aliziwaza simu za wengine, nyingi zikiwa mbovu kuliko ile. Aliwawaza wakiwa wameinama gizani, kabla ya mapambazuko, na mwanga wa kioo ukiwapiga usoni muda mrefu kuliko inavyofaa. Mwanga nao huonekana kwa mbali.

Alichagua ile ya bure, nyepesi.

Kwa maneno yaliyobaki wazi alitafuta njia yake mwenyewe. Mialo ile yote ilikuwa na majina mawili. Moja ni lile la sokoni, linalojulikana na kila dereva na kila askari. La pili ni la Kibembe, lugha ya wenyeji, la zamani, lililopewa na wazee kabla ya barabara, ambalo haliko katika ramani yoyote. Moja lilimaanisha mahali pa kuacha makasia. Lingine lilimaanisha mwanamke aliyekataa kuvuka. Adolphine alikuwa ameyasikia kambini, kutoka kwa wazee waliokuwa wakihesabu pwani yao kwa mdomo ili isiwapotee. Aliyafuta majina ya sokoni, akaweka yale. Akina mama walipoyaona katika simu walipiga vigelegele kibanda kizima. Espérance, mwanamke wa Lulimba mwenye kuuza samaki kwa wachimbaji wa dhahabu, alilisoma jina moja kwa sauti, mara mbili, akafunika mdomo.

"Hii mama yangu ndiye alikuwa analisema," alisema. "Mi sikujua inaandikwaka."

Usiku haukuwa umeingia bado Adolphine alipoifumua programu mara ya mwisho. Aliona herufi tupu, a na b na c, na katikati yake maneno ambayo mgeni yule asiye na uso asingeweza kuyafanya kitu. Alilala vizuri. Alilala vizuri miezi mingi. Boti ilikwenda na kurudi, na soko lilikuwa na samaki.

Katika miezi ile, mtu angeweza kusema kwamba alikuwa na furaha. Mwenyewe asingetumia neno hilo. Alikunywa chai, alifanya kazi, kila asubuhi alijua dada yake yuko mwalo gani bila kuuliza, na hilo lilimtosha.

Kisha Espérance aliporwa kwenye barabara ya Lulimba.

Hakuguswa. Alisikia risasi mbele ya lori, akaruka, akajificha ndani ya mihogo hadi sauti zikaisha. Mkoba wake uliobaki ndani ya lori ulichukuliwa. Simu ilikuwamo. Alitembea hadi Baraka, na alipofika hakuja kibandani moja kwa moja. Aliona haya. Alikaa kwa shemeji yake siku kadhaa, akisema miguu inamuuma, hadi Florentine akamtoa huko na kumleta akimshika mkono.

"Sema," Florentine alimwambia.

"Ile simu imeenda, Mama Adolphine. Unisamehe."

"Namba ya siri, walikuuliza?"

"Hawakuniona hata."

"Basi wataona bei ya samaki," Adolphine alisema. "Watajua ndagala iko bei gani."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na Espérance alipumua. Lakini Florentine hakuondoka. Alingoja mwenzake atoke, akavuta kreti.

"Sasa uniambie ya kweli."

Adolphine alimwambia. Kanuni imetoka. Iliyotoka hairudi. Dawa ni kuandika kanuni nyingine na kuipeleka katika kila simu kwa mkono, simu kwa simu, kwa maana hakuna mtandao wa kuipeleka. Simu za Baraka angezimaliza kesho. Lakini akina mama wa Kilembwe na Lulimba wangeshuka siku ya soko kubwa, juma lijalo. Ikiwa angebadilisha nusu, simu za Baraka zingetaja mwalo mmoja na za Kilembwe zingetaja mwingine, na wale wa Kilembwe wangeshuka na magunia hadi ufuko mtupu.

"Kama ile siku," Florentine alisema.

"Kama ile siku."

"Na boti isiende kabisa hilo juma?"

"Basi wa Kilembwe wataisubiri bila kujua haiendi. Ni ileile."

"Na mwizi, itamuchukua siku ngapi kufumua?"

Adolphine alimtazama tena kichwani yule mgeni wake. Alimwona akikwama kwenye herufi, akikwama kwenye majina, akimuuliza mtu, akijibiwa vibaya.

"Mingi," alisema. "Zaidi ya juma."

"Basi tungojee bamama ba Kilembwe," Florentine alisema. "Hatuwaache tena."

Adolphine aliandika kanuni mpya, akaiweka tayari kwa siku ya soko.

Boti ilikamatwa siku mbili kabla ya soko hilo. Waliosubiri hawakutokea msituni wakikimbia kama walivyozoea. Walikuwa wamekaa chini penye mwalo, wamevua hata viatu, kama watu waliofika mapema kwenye mkutano. Walichukua samaki, mashine ya boti, mafuta, simu zote. Walimchukua na Useni, awachukulie mashine mlimani, maana walisema aliyeizoea ndiye ataibeba vizuri. Akina mama waliachwa warudi kwa miguu kufuata ufuko.

Florentine aliingia kibandani jioni na kanga iliyolowa hadi magotini. Adolphine alikuwa ameshikilia bisibisi. Alipomwona aliiweka chini, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Niko muzima," Florentine alisema. "Usinitazame hivyo. Nipe maji."

Alikunywa. Akajifuta mdomo.

"Iko na salamu yako."

"Ya nani?"

"Ya yule mwalimu wako wa feni. Isidore."

Adolphine alikaa.

"Alinisalimu kwa heshima, yaya, mama, vyote. Ameota ndevu. Alisema, ambia Adolphine ile majina ya mialo ilimufurahisha sana. Alisema tangu bibi yake alikufaka hajayasikia. Alisema mahali pengine alisumbuka, aliona a, b, c, akataka kuacha. Kisha akafika ku majina, na akajua ni kazi ya nani, na akajua pa kushikia." Florentine alikiweka kikombe mezani. "Alisema unisifu. Hapana, alisema nikusifu. Mi nimechoka."

Adolphine hakulia. Alingoja kama alivyongoja maharage yale. Mawazo yalikuja yenyewe, moja moja, bila haraka. Zana ile ya pili ingeficha majina. Na kama angeacha majina ya sokoni, ambayo kila mtu anayajua, yasingekuwa sahihi yake. Alichokiweka pale kuwazuia wageni kilikuwa ni mwaliko kwa mtu wa nyumbani. Na mtu wa nyumbani hakuwa amemwaza kabisa, si kwa sababu watu kama hao hawakuwapo mlimani. Kila familia ya pwani ilikuwa na mmoja aliyepanda. Hakumwaza kwa sababu alipofunga macho kuiona sura ya mwizi, hakupenda iwe sura ya mtu anayemfahamu.

"Simu yako ingechelewa kufunguka," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Nilichagua ile nyepesi ju ya simu yako."

"Najua. Mi si ndiye nilikuchekesha?" Florentine alivua kanga ya kichwani, akaikamua mlangoni. "Usianze kugawa makosa kama keki ya harusi. Iko kidogo, haitoshe bantu."

Useni hakurudi juma lile, wala lililofuata. Mke wake, Samira, alianza kuja kibandani kila siku na simu ya pili ya mumewe, ile aliyokuwa akiiacha nyumbani. Ilikuwa imejaa chaji. Aliitoa katika mkoba na kuiweka juu ya meza.

"Naomba uangalie kama iko sawa," alisema.

Adolphine aliichomeka, akaitazama, akaichomoa.

"Iko sawa, Mama Samira."

"Inaweza kupokea?"

"Inaweza."

Samira aliichukua na kuondoka. Kesho yake alirudi. Adolphine hakumlipisha, naye Samira hakushukuru, na hilo walielewana. Hakuna hata siku moja Samira aliyosema neno juu ya programu. Labda hakujua. Labda alijua.

Lionel alipiga simu. Alikuwa amesikia. Alisema ofisi yao ina zana halali ya kampuni ile, angeweza kumfungia programu huko Bukavu na kumtumia, na kwamba sasa kuna namna ya kuifanya iwe nyepesi kidogo. Alisema mengi, na yote yalikuwa sahihi. Adolphine alimshukuru. Alikuwa na kanuni mpya tayari, na majina mapya yasiyo na maana yoyote, namba tu. Kilichobaki ni kumwambia ndiyo.

Akina mama walikutana uani kwa Florentine, waliobaki na simu na waliobaki bila. Boti nyingine ilikuwa imepatikana, ya ndugu wa Useni. Adolphine aliwaeleza. Aliwaambia kwamba hii itachukua muda mrefu zaidi kufumuliwa. Hakuwaambia kwamba haitafumuliwa. Espérance alikuwa amekaa nyuma, uso chini.

Florentine alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Aksanti," alisema. "Sasa ufute."

"Nifute nini?"

"Ile ya kwanza, mu simu ya kila mutu hapa. Na ya pili usitie. Mwalo nitachagua mimi. Bamama batakuja kwangu giza likiwa bado, tutatoka pamoja, na njiani nitasema. Mbele ya hapo, hakuna mutu anajua. Hata nahodha atajua tukifika karibu."

"Na ba Kilembwe?"

"Watashuka siku moja mbele ya safari, walale hapa uani. Tutabanana. Tulibananaka Kigoma, hatukufe."

Wanawake waliguna kukubali. Adolphine aliona kwamba lilikuwa jambo lililokwisha kuamuliwa bila yeye, na kwamba lilikuwa na udhaifu wake, kwa maana kichwa kimoja kinaweza kukamatwa kama simu moja. Alitaka kulisema. Florentine alimtazama kama mtu aliyekwisha kulisikia.

"Na mimi utaniambia?" aliuliza badala yake. "Asubuhi, kabla hujatoka?"

"We sikuambie."

"Mi ni mudogo wako."

"Ndiyo maana. Siku batakuja kukuuliza, usiwe na kitu ya kuwapa."

Adolphine alichukua simu zao moja moja, akaifuta programu. Bei za samaki zilitoweka pamoja na mengine. Ilikuwa kazi ndogo, ya vidole tu, na akina mama waliendelea kuongea juu ya kichwa chake, habari za mgonjwa, habari za mikeka ya kulalia wageni. Aliporudisha simu ya mwisho giza lilikuwa limekwisha kuingia, na mtu alikuwa amewasha moto wa kupikia.

Florentine alitoka asubuhi iliyofuata, akarudi jioni na ndagala. Akatoka tena. Adolphine hakuuliza aliko, akajifunza kufanya kazi asubuhi nzima bila kujua. Ila kanuni ya kwanza hakuweza kuifuta kila mahali. Alikuwa ameiandika yeye, aliifanyia majaribio mara nyingi mno, na kichwa chake kiliizoea. Kila alfajiri, kabla hajafumbua macho vizuri, tarehe ya siku ile ilijikoroga yenyewe ndani yake na kumpa jina, lile la makasia, au lile la mwanamke aliyekataa kuvuka. Alilala kitandani akiuona ule mwalo ulivyo saa ile, mchanga na maji, na hakuna mtu. Kisha aliamka, akafungua kibanda, na Samira alikuwa tayari mlangoni.